Paka, Kodi na Mwongozo Usioeleweka

Jioni ya leo tuwazungumzie watu ambao ukiwapita barazani utadhani wanagombana, kumbe wanataniana. Ni vijana wanaoandika programu za kompyuta. Wapo wengi Dar es Salaam na Arusha, lakini hata hapa Mwisenge, Musoma, wapo. Utawakuta mahali ambapo upepo wa ziwa unafika na soketi ya umeme haiko mbali. Wanatengeneza mifumo ya mauzo ya maduka, tovuti za shule na programu za kukokotoa hisa za vikoba. Maandishi yao ya kuiamuru kompyuta wanayaita kodi. Mama mmoja wa genge aliwasikia wakilalamika kwamba kodi imekataa tangu asubuhi, akadhani wamebanwa na watu wa mapato. Akawapelekea karanga za kuwapa pole. Hawakumsahihisha mpaka karanga zilipokwisha.

Katika utani wao hakuna anayetajwa kuliko paka. Kwanza yupo paka mwenyewe, wa miguu minne. Mji unaoanika dagaa haukosi paka, na huyu wa barazani kwao hana mwenyewe. Alivutwa na harufu ya dagaa, akabaki kwa ajili ya joto. Kompyuta mpakato ikifanya kazi nzito hupuliza hewa ya moto ubavuni, na paka hupenda joto ambalo wewe na mimi tungelivulia shati. Basi hapo ndipo pa kulala. Akichoka kulala ananyoosha miguu, na miguu yake haina pengine pa kukanyaga isipokuwa kibodi.

"Kaka, nani kaandika mstari wa arobaini? Una herufi j tupu, kumi na kitu."

"Si mimi. Muulize huyo aliyelala hapo."

"Basi mpe hongera, maana tangu aandike mfumo haujakwama."

Msidhani ni mambo ya Musoma tu. Huko Tucson, Arizona, nchini Marekani, kuna bwana anaitwa Chris Niswander aliyetengeneza programu iitwayo PawSense. Kazi yake ni kutambua kama kibodi inachapwa na vidole vya mtu au inakanyagwa na paka. Vidole hubonyeza kitufe kimoja kimoja. Wayo wa paka hukandamiza kadhaa kwa pamoja. Programu ikishamgundua paka, inafunga kibodi na kupiga sauti ya kumkera aondoke. Mwaka 2000 bwana huyo alipewa tuzo ya Ig Nobel ya sayansi ya kompyuta, ile tuzo ya mizaha inayotolewa kwa uvumbuzi unaochekesha kwanza, halafu unafikirisha. Vijana wetu walipoisikia habari hiyo, mmoja alisema Mwisenge haihitaji programu ya namna hiyo. Inatosha kuweka sahani ya vichwa vya sato upande wa pili wa baraza.

Halafu yupo paka wa pili, asiyekula sato wala dagaa. Huyu ni amri ya kompyuta. Mfumo uitwao Unix, uliobuniwa na kina Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell kule Marekani, una amri ya herufi tatu, cat, na imo tangu mwongozo wa kwanza wa mwaka 1971. Herufi hizo zimekatwa kutoka neno refu la Kiingereza la kuunganisha vitu mfululizo, lakini kila anayejifunza huona paka tu. Ukiiambia cat na jina la faili, inakutolea yaliyomo kwenye skrini. Ukiitajia mafaili mawili, inayatoa moja baada ya jingine. Na kwa kuwa watu hawa hawana dogo, ipo pia amri iitwayo tac. Hiyo hutoa faili kuanzia mstari wa mwisho kurudi wa kwanza.

Dada mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza alifungua maelezo ya amri ya cat. Sentensi ya kwanza inasema, kwa maneno yangu, kwamba amri huunganisha mafaili na kuyatoa kwenye njia ya kawaida ya kutolea. Akauliza:

"Njia ya kawaida ya kutolea ndiyo nini?"

"Ni hapo kwenye skrini, mdogo wangu."

"Sasa si wangesema skrini?"

"Siyo lazima iwe skrini. Unaweza kuielekeza kwenye faili, au kwenye amri nyingine."

"Basi si wangesema siyo lazima iwe skrini?"

Wakaangua kicheko wote, lakini hakuna aliyekuwa na jibu. Mimi namuunga mkono huyo dada. Maelezo yale hayana kosa hata moja. Kila neno ni sahihi, na hayamsaidii mtu yeyote asiyejua tayari. Yameandikwa na anayejua kwa ajili ya anayejua, na anayejua hana haja ya kuyasoma.

Nikawauliza mbona wakongwe wanamcheka mtu anayeitumia hiyo cat kila mahali. Wakanieleza kwamba tangu miaka ya 1990 kuna tuzo ya kejeli, ya matumizi ya paka yasiyo na lazima, iliyoanzishwa na mwandishi wa programu Randal Schwartz. Wanaopewa ni wale wanaomtuma cat akachukue faili na kumkabidhi amri ya pili, wakati amri ya pili ingeweza kulifungua faili hilo yenyewe. Sikuelewa mpaka mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, alipoliweka sawa: "Mzee, ni kama dalali wa mwaloni. Mvuvi yupo, mnunuzi yupo, wanatazamana, halafu katikati anasimama mtu wa kupokezana ndoo." Hapo nikaelewa, na nawahakikishia hakuna mwongozo wa Kiingereza ambao ungenielewesha upesi hivyo.

Yupo paka mwingine, Tomcat, programu ya kuendeshea tovuti ambayo wengi mmeitumia bila kuijua. Aliyeianzisha, James Duncan Davidson, alitafuta jina la mnyama anayeweza kujitunza mwenyewe, na akatamani siku moja kumwona mnyama huyo kwenye jalada la kitabu, kwa kuwa kampuni ya O'Reilly huweka picha za wanyama kwenye vitabu vyake vya kompyuta. Kitabu kilipotoka, picha ya paka ilikuwa imeshatumika kwenye kitabu kingine. Wakamweka chui wa theluji. Vijana wa Mwisenge wanasema hiyo ndiyo kazi ya kuandika programu: unaagiza paka, unaletewa chui, na siku ya kukabidhi unasema ndivyo ulivyopanga.

Nirudi kwenye miongozo, maana hapo ndipo kicheko chao kinapoanza kuwa na uchungu.

Mwongozo wa kompyuta ukifika kwenye mfano, hauandiki jina la mtu wala la kitu unachokifahamu. Unaandika foo. Mfano wa pili unaandika bar. Foo na bar hazina maana yoyote. Ni majina ya kushikia nafasi tu. Mazoea hayo yamekomaa kiasi kwamba tarehe 1 Aprili 2001, Siku ya Wajinga, wahandisi wa intaneti walitoa waraka wao namba 3092, wenye sura zote za waraka rasmi, kueleza asili ya foo. Sasa mtoto wa Musoma anayejifunza peke yake, na bando lake linaelekea kwisha, anakutana na sentensi inayomwambia achukue foo aipeleke kwenye bar. Hapa kwetu bar tunaijua. Ina nyama choma na muziki wa sauti ya juu. Kijana mmoja alikiri kwa wenzake kwamba aliandika foo na bar kwenye mfumo wa shule, neno kwa neno, akidhani ndizo amri zenyewe, na mfumo ukafanya kazi! Mpaka leo kwenye kompyuta ya shule hiyo, ambayo siitaji, karo za wanafunzi zimehifadhiwa ndani ya bar.

Tangu hapo, katika madaftari yao wameachana na foo. Mfano wa kwanza ni sato, wa pili ni sangara, na kikihitajika kitu kidogo kinachojirudia mara elfu, hicho ni dagaa. Anayekuja kujifunza haulizi maswali mawili. Samaki anamjua, kilichobaki ni kuijua amri.

Kisha kuna suala la saa, na hili linatuhusu hata sisi tusioandika kodi. Kompyuta hujua saa za dunia kupitia orodha ambayo kila eneo hupewa jina la mji mkubwa mmoja. Orodha hiyo huyaunganisha maeneo ambayo saa zake zimelingana tangu mwaka 1970. Kwa kuwa sisi na majirani zetu hatujatofautiana hata dakika tangu hapo, jina la Dar es Salaam limebaki kama kibao cha kukuelekeza Nairobi. Usishangae kompyuta yako ya Mwisenge ikisema iko Kenya. Hakuna hujuma, na hakuna haja ya kumpigia simu mbunge. Ila mwongozo haukwambii hayo, na kuna mtu alipoteza usiku mzima akidhani mfumo wake umevamiwa.

Na kuna saa zetu za Kiswahili. Vijana walimfungia mwenye duka mmoja mfumo wa mauzo, wakamwambia kila siku aandike saa ya kufungua. Mzee akawa anaandika mbili kamili, kwa sababu anafungua saa mbili asubuhi kama Mungu alivyopanga. Kompyuta ikaelewa saa nane usiku. Mwisho wa mwezi mwanawe aliyeko Mwanza akaangalia taarifa kwenye simu, akampigia baba yake kwa hofu: "Baba, kuna mtu anafungua duka usiku wa manane na anauza sana!" Wangeweka sentensi moja tu ya Kiswahili juu ya kile kisanduku, kwamba andika saa kama inavyoonekana kwenye simu yako, familia ile isingekosa usingizi.

Kubwa kuliko yote ni malipo ya simu. Biashara ya sasa bila malipo ya simu haiendi, hivyo kila mfumo lazima uunganishwe na kampuni ya malipo, na kila kampuni ina kitabu chake cha maelekezo. Kimoja, ambacho kampuni yake siitaji, kinasema kwenye ukurasa wa kwanza kwamba namba ya simu ianze na 255. Mfano wa ukurasa unaofuata unaanza na sifuri. Mbele kidogo pana picha ya namba yenye alama ya kujumlisha. Vijana wakajaribu zote. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: kuna hitilafu. Hitilafu gani? Hitilafu. Wakaandika kwa kitengo cha huduma, wakajibiwa wasome kitabu cha maelekezo.

Ufumbuzi ulipatikana kwa sauti ya WhatsApp kutoka kwa mwenzao wa Mwanza. Alikuwa amepitia mateso hayo kabla yao, na sauti yenyewe ilianza kwa kicheko kirefu. Namba ianze na 255 bila alama yoyote, alisema, na kiasi cha fedha kiandikwe ndani ya alama za kunukuu, kana kwamba ni neno na si tarakimu. Kwa nini? Hakuna ajuaye. Wakafanya hivyo, fedha zikapita.

Hapo ndipo nilipoona jambo ninalotaka kuwaambia leo. Mwongozo wa kweli wa kazi hii umo ndani ya utani. Umo kwenye sauti za WhatsApp, kwenye kicheko cha barazani, kwenye lile neno "dalali" alilolitoa mtoto wa mvuvi. Ule ulioandikwa, wenye nembo na kurasa mia mbili, mara nyingi ni historia ya jinsi mfumo ulivyokuwa siku ulipozinduliwa. Kodi hubadilishwa kila wiki kwa sababu isipobadilishwa wateja wanapiga kelele. Maelezo yakichakaa hakuna anayepiga kelele, maana kila msomaji anajilaumu mwenyewe kwamba hana akili.

Haikuwa lazima iwe hivi. Ule mwongozo wa kwanza wa Unix, wa tarehe 3 Novemba 1971, ulikuwa na kitu ambacho hata leo nakionea wivu. Maelezo ya amri yalitengewa sehemu ya kutaja kasoro zake. Walioitengeneza waliandika wenyewe, kwa mkono wao, kwamba hapa pana mdudu, yaani hitilafu, hapa pasitegemewe. Huyo Ken Thompson baadaye alipoulizwa angebadilisha nini kama angeanza upya, alitania kwamba angeongeza herufi e kwenye amri ya kuunda faili, maana waliiandika creat na imebaki hivyo hadi leo. Fundi anayekuonyesha mahali alipokosea unaweza kumwamini kwa mengine yote. Kampuni za leo zinaona aibu kuandika kasoro, kisha zinashangaa mbona simu za wateja haziishi.

Kuna watakaosema shida hii imekwisha kwa sababu siku hizi unaiuliza akili bandia. Ni kweli vijana wanaiuliza, na inawasaidia. Nayo ina historia yake na paka. Mwaka 2012 watafiti wa Google, wakiwemo Andrew Ng na Jeff Dean, waliunganisha vichakataji 16,000 na kuvipa picha milioni 10 kutoka kwenye video za YouTube, bila kuviambia kilichomo. Siku chache baadaye mtambo ulikuwa umejifunza wenyewe kumtambua paka. Ulikuwa ni ushindi mkubwa wa sayansi, ingawa mjukuu wangu alimtambua paka kwa kunyang'anywa mkate mara moja tu. Taabu ya mtambo wanaouuliza vijana siku hizi ni kwamba mara nyingi hausemi sijui. Ukiuuliza kuhusu kitabu kile cha malipo, unaweza kukutungia amri ambayo haijawahi kuwepo, kwa lugha nzuri na adabu zote. Vijana wameshaupa jina. Wanauita mjomba wa harusini, yule anayejua kila kitu mpaka umwambie akuonyeshe.

Tatizo la lugha nalo halikwepeki, lakini nisingependa liwe kisingizio. Tunaambiwa kompyuta haiwezi kuelezwa kwa Kiswahili kwa sababu maneno hayatoshi. Hebu tutazame hapa hapa tulipo. Mwaka 1934, mtoto kutoka Butiama aliletwa kuanza masomo Mwisenge, kwenye shule ambayo leo ni Shule ya Msingi Mwisenge. Huyo ndiye Julius Kambarage Nyerere. Mwaka 1963, akiwa Rais, akachapisha tafsiri ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Na sikilizeni hili enyi waandishi wa programu: hakuridhika nayo. Alirudi akairekebisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka ule ule aliotoa Mabepari wa Venisi. Mwenye nchi nzima ya kuongoza alipata muda wa kutoa toleo la pili. Wewe wa mfumo wa duka moja umebanwa na nini?

Wapo pia waliofuata njia hiyo kwenye kompyuta zenyewe. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili. Kwa hiyo swali la kama inawezekana lilishajibiwa miaka mingi iliyopita. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu anayekumbuka alivyokuwa hajui. Msamiati unapatikana, na usipopatikana utachanganya kidogo, msomaji atakuelewa. Lakini siku ukishazoea, ile njia uliyopita inafutika kichwani, na unaanza kuandika foo na bar kama wale waliokutesa.

Juzi juzi nilipita kwenye duka moja mjini nikakuta mfumo umekwama na foleni ya watu. Kijana aliyeutengeneza alishahamia mkoa mwingine. Nikauliza kama aliacha maelekezo. Binti wa kaunta akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani kwa gundi ya plasta, imefifia kwa jua. Ilikuwa na maneno matatu: ikigoma, zima, washa. Akazima, akawasha. Ikafanya kazi. Sikumlaumu kijana yule. Alau maneno yake matatu yalikuwa ya kweli, yalikuwa ya Kiswahili, na yalikuwa ukutani, karibu na mtumiaji. Kitabu cha kampuni ya malipo hakina hata sifa moja kati ya hizo tatu.

Ila maneno matatu hayatoshi. Kwa hiyo ninyi vijana mnaonisikiliza, wa Mwisenge, wa Bunda, wa Butiama na kwingineko, mliowafungia watu mifumo madukani, kwenye zahanati, mashuleni na kwenye vikoba, nawaomba ukurasa mmoja tu. Andikeni mfumo unawashwaje, umeme ukikatika katikati ya mauzo mtu afanye nini, saa iandikwe vipi, namba ya simu ianze na nini, na mwisho kabisa ni kipi ambacho mnajua hakifanyi kazi. Mpeni mtu asiyehusika na kompyuta ausome akiwa peke yake, nanyi mkae kimya mumtazame anapokwama. Hapo alipokwama ndipo pa kuandika upya. Kisha bandikeni ukutani, na nakala moja mwachieni mwenye mali.